Kanda za Marehemu Baba: Zipi Ziko Mtandaoni, Zipi Haziko Popote

*Swali: Marehemu baba, aliyekuwa karani bandarini Tanga, ametuachia kanda za kaseti zaidi ya mia mbili. Nyingine ni za dukani zenye picha, nyingine ameziandika kwa mkono wake, na nyingine hazina hata neno. Kaka yangu aliyeko Muscat anasema tuzitupe, kwa kuwa siku hizi kila wimbo uko YouTube. Lakini mimi nikisikiliza taarabu zilezile kwenye simu sipati raha ile ya zamani. Ni uzee tu, au kuna kitu kimepotea kweli? Na hizi kanda nizifanyeje?*

Dada yangu, pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Nianze na lililo la haraka: usitupe hata kanda moja, na zile zisizo na maandishi ndizo uzichunge kuliko zote. Kaka yako hakosei anaposema nyimbo nyingi za zamani zimeshapanda mtandaoni. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba kanda za baba yenu ni nyimbo tu.

Kazi yangu ni kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda na tepu za zamani kwenda kwenye kompyuta, na swali lako la raha naulizwa mara kwa mara. Wengi huamini kilichopotea ni ubora wa sauti, kwamba kanda ilikuwa na sauti nzito na dijitali ikaja kuiua. Mimi ninayeshinda na kanda siwezi kukuambia hivyo. Kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, ilikusudiwa kwanza kwa kurekodi maneno, si muziki. Utepe wake una upana wa milimita 3.81 na hupita kwenye hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo wa taratibu mno kwa chombo cha muziki. Ukiiweka kando ya CD, kaseti ina mvumo mwingi zaidi na sauti zake za juu hufifia mapema. Hata faili la MP3 lililotengenezwa vizuri hubeba sauti kwa uaminifu kuliko kanda nyingi zilizouzwa madukani kwetu.

Basi kwa nini kwenye simu hupati raha? Mara nyingi ni kwa sababu unachosikiliza si sauti ileile. Mtu alikuwa na kanda iliyodabiwa, yaani iliyonakiliwa, kutoka kanda nyingine, nayo ilidabiwa kutoka nyingine tena. Akachomeka redio yake kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, akarekodi, akapandisha. Kila kudabu kunaongeza mvumo na kula sauti nyembamba, kwa hiyo fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ndizo hufifia kwanza, na taarabu bila fidla na kanuni imebaki na nini? Halafu kuna mwendo wa mashine. Redio kaseti iliyochoka mkanda wake wa mpira, au iliyowahi kuguswa na fundi asiye makini, haiendi kwa mwendo sahihi. Ikikimbia kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima unapanda nusu toni, na taarabu ya dakika 15 inakwisha karibu sekunde 50 kabla ya wakati wake. Mwimbaji anasikika mdogo kuliko umri wake na udi unakuwa mkali. Mara nyingine aliyepandisha ameukata ule muziki wa mwanzo, kabla ya mwimbaji kuingia, ili watu wasichoke. Sikio lako lilikua na kanda ya baba, kwa hiyo linajua kuna kasoro hata kama mdomo hauwezi kusema iko wapi. Uzee hauhusiki hapo.

Kuna upande mwingine pia, nao si wa ufundi. Kanda ilikuwa na pande mbili, kila upande nusu saa au dakika 45, na mpangilio wa nyimbo ulikuwa wa aliyeitengeneza. Kuruka wimbo kulikuwa kazi, na kurudisha nyuma kulimaliza betri, ndiyo maana watu walikuwa wakizungusha kanda kwa kalamu ya Bic. Matokeo yake tulisikiliza hata nyimbo ambazo hatukuzipenda mwanzoni, mpaka tukazipenda. Redio yenyewe ilikuwa moja, sebuleni au barazani, na kila mtu alisikia alichosikia mwenzake: mama jikoni, watoto uani, jirani dirishani. Leo kila mmoja ana yake masikioni, na programu ndiyo inayochagua wimbo unaofuata. Hilo naliona ni pengo la kweli, na silifanyii mzaha. Lakini halizibwi kwa kununua redio kaseti ya mapambo. Ukilitaka, waite watu, weka upande mzima hata kama ni kutoka kwenye simu iliyounganishwa na spika, na msiguse kitu mpaka uishe.

Sasa nirudi kwa kaka yako, maana hoja yake ndiyo inayoponza kanda nyingi.

Kilichofika mtandaoni hakikufika kwa bahati. Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, na kwa kuwa sauti zao zilichapwa kwenye santuri, nakala zilitawanyika, wapenzi wakazitunza, na leo unaweza kuzisikia. Miongo kadhaa baadaye vikundi vya kwenu Tanga, Black Star na Lucky Star, ambako Bi Shakila alijijengea jina, navyo vilitoka kwenye santuri kupitia Kenya. Mwaka 1989 kampuni moja ya Uingereza ilizikusanya baadhi ya nyimbo hizo na kuzitoa upya. Kutoka santuri zikaingia kwenye CD, kutoka CD ni rahisi kuingia kwenye kompyuta, na YouTube ilipoanza mwaka 2005 zilikuwa tayari zinasubiri kupandishwa. Zilipokuja programu za kusikiliza muziki, Boomplay mwaka 2015 na Spotify kufunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, mkusanyiko ulikuwepo. Kila hatua ilibeba kile tu ilichokikuta kwenye hatua iliyotangulia.

Na mengi hayakuwepo kwenye hatua hata moja. Tanzania Bara, kwa miaka mingi, bendi ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye tepu kubwa za redio, na wimbo ukapigwa hewani. Kuuzwa dukani lilikuwa jambo jingine kabisa. Hatukuwa na kiwanda chetu cha kuchapa santuri, aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Angalia miaka hiyo: bendi ya Mlimani Park imeanza mwaka 1978, bendi ya Juwata wako moto, vikundi vya taarabu vinatunga kila wiki, na njia ya kwenda kwenye santuri imezibwa. Tepu za redio zimebaki kwenye maktaba ambayo leo iko chini ya TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania, na sehemu kubwa ya yaliyomo haijawahi kutoka hadharani kwa namna ambayo wewe au mimi tunaweza kuinunua.

Nani basi alikuwa na nakala? Baba yako. Yeye na wengine kama yeye walioweka kanda tupu kwenye redio, wakasubiri mtangazaji amalize, wakabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kanda alizoziandika kwa mkono huenda zina vipindi vya redio: zina Club Raha Leo Show, zina Pwagu na Pwaguzi, zina Mama na Mwana uliyokuwa ukiisikiliza utotoni, zina mpira uliotangazwa moja kwa moja, hotuba, salamu. Redio nyingi duniani zilikuwa zikifuta tepu ili zitumike tena, kwa hiyo kanda ya msikilizaji mara nyingine ndiyo nakala pekee iliyobaki ya kipindi kizima. Usimcheke mzee kwa kurekodi taarifa ya habari. Mimi nikikuta taarifa ya habari kwenye kanda hufurahi kuliko nikikuta wimbo, kwa sababu wimbo huenda uko kwingine.

Zile zisizo na maandishi ndizo zenye siri zaidi. Kwa watu wa pwani, nazozikuta zaidi ni maulidi ya nyumbani, kaswida za madrasa, mawaidha ya mashehe ambao hawakuandika kitabu hata kimoja, na harusi. Na kuna barua. Kabla ya simu za mkononi, familia zenye watu Oman, Dubai au Uingereza zilikuwa zikitumiana kanda: mama anaongea, watoto wanasukumwa waseme shikamoo, bibi anasoma dua, mtu anaeleza nani kaoa na nani kafa. Kama kaka yako alikwenda Muscat miaka hiyo, au baba alikuwa na ndugu huko, ipo nafasi kwamba moja ya hizo kanda ina sauti za watu wenu ambao hawakuacha hata picha. Mwulize kaka yako kama anataka hiyo nayo itupwe.

Kabla sijaingia kwenye ufundi, neno moja kuhusu kuutegemea mtandao kama ghala. Mwaka 2019 MySpace, mtandao ambao wanamuziki wengi duniani waliutumia kabla ya hii ya sasa, ulikiri kwamba muziki uliopandishwa kwa muda wa miaka 12 ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Ilitajwa kuwa ni nyimbo zaidi ya milioni 50. Na kwenye YouTube, akaunti ikifungwa au mwenye haki akilalamika, nyimbo zinaondoka siku hiyohiyo. Mtandao ni njia nzuri ya kusambaza, na ninaushukuru kwa hilo. Kijana wa Bujumbura leo anamsikia Bi Kidude bila kumtafuta mtu mwenye kanda. Ila anayekuwekea nakala ni mwingine, na anaweza kuiondoa bila kukuuliza.

Haya, kazi. Ziondoe kanda mahali penye jua na unyevu. Hewa ya Tanga ni adui yao kuliko miaka. Zisimamishe wima kama vitabu, kwenye chumba kikavu, mbali na spika kubwa kwa sababu spika zina sumaku. Zikague moja moja kwa tochi kupitia kile kidirisha. Ukiona unga mweupe au utando kwenye utepe, huo ni ukungu: iweke kanda hiyo kwenye mfuko wake peke yake, usiipige, kwa sababu itachafua hedi na hedi itachafua kanda zinazofuata. Kila kanda utakayoipiga, kwanza vunja vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni, ili hata mtu akibonyeza kurekodi kwa bahati mbaya isifutike.

Usianze na kanda za dukani zenye picha. Ndizo zinazovutia, najua, lakini hizo ndizo zenye ndugu zao kwingine. Anza na zisizo na maandishi, fuata zilizoandikwa kwa mkono, za dukani ziwe mwisho. Miongoni mwa zote, zilizoandikwa C120, yaani za dakika 120, zishughulikie kwa upole wa pekee. Utepe wake ni mwembamba mno, mikroni 9 hivi, nusu ya ule wa C60, na ndio unaoliwa na mashine kwa urahisi zaidi.

Mashine ndiyo yenye maamuzi. Vile vikaseti vidogo vya USB vinavyouzwa bei rahisi mtandaoni sivipendekezi kabisa: mwendo wao unayumba, na kuyumba kukisharekodiwa hakutoki. Afadhali deki ya zamani ya sebuleni, hata kama imekaa stoo, umpelekee fundi anayezijua abadilishe mkanda wa mpira, asafishe hedi kwa spiriti na pamba, na akague kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe. Mwambie pia akuonyeshe ile skrubu ndogo ya pembe ya hedi. Kanda zilirekodiwa kwenye mashine tofauti, kila moja na pembe yake kidogo, na pembe isipolingana sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Unaizungusha kidogo sana, sehemu ndogo tu ya mzunguko, huku ukisikiliza herufi ya "s" kwenye maneno ya mtangazaji. Ikisikika kali na safi, umefika. Kazi hii ndogo ndiyo inayotofautisha nakala nzuri na zile zinazokuudhi kwenye simu, na karibu hakuna anayeifanya.

Kutoka kwenye deki, toa waya kwenye matundu ya nyuma ya kutolea sauti, uupitishe kwenye kisanduku cha kuingizia sauti kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta. Usitumie tundu la maikrofoni. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, hifadhi kama WAV, faili la sauti isiyobanwa, si MP3. Saa moja itachukua takriban GB 1, kwa hiyo kanda mia mbili zenye wastani wa saa moja na robo zitakula kama GB 260, ambazo zinaingia kwenye diski moja ya kawaida na nafasi ikabaki. MP3 utatengeneza baadaye kutoka kwenye WAV, kwa ajili ya kusikiliza na kutumiana WhatsApp.

Rekodi upande wote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na ukimya, mikwaruzo na yale usiyoyaelewa. Usikate kitu. Adhana inayosikika kwa mbali, mtangazaji anayetaja saa, jogoo, honi ya treni: hivyo ndivyo vitakavyokusaidia kujua ni wapi na ni lini. Zile programu za kuondoa mvumo zina mahali pake, lakini zitumie kwenye nakala ya pili, kamwe si kwenye ile ya asili. Nimesikia rekodi za udi zilizosafishwa mpaka mlio wa kidole kwenye waya umetoweka, na huo mlio ndio mpigaji mwenyewe. Piga picha ya kila kanda, kasha na karatasi yake, pande zote, na jina la faili lifanane na namba utakayoandika kwenye kanda.

Nakala ziwe mbili au tatu, na zisikae nyumba moja. Moja Tanga, moja Muscat kwa kaka yako. Atakuwa mlinzi mzuri akishasikia kilichomo. Flashi na memori kadi ni za kubebea tu. Na kanda zenyewe zibaki hata baada ya kuhamishwa, maana huenda miaka kumi ijayo mtu akaja na mashine bora kuliko yako.

Kuna kazi moja nakuomba uifanye mapema kuliko zote, hata kabla deki haijatoka kwa fundi. Watafute wazee: mama kama yupo, shangazi, marafiki wa baba wa bandarini. Kila utakapomaliza kanda ya nyumbani, kaa nao muisikilize, na urekodi kwa simu wanachosema: "Huyo ni fulani, alikuwa akiishi barabara ya ngapi, hiyo ni harusi ya binti yake nani." Kanda ikitunzwa ina miaka mbele yake. Wazee wanaozitambua hizo sauti hawana hakika hiyo, na sauti ikishakosa jina hakuna kompyuta itakayoirudishia.

La mwisho ni kushirikisha wengine, na hapa nakuomba uwe mgumu kidogo. Nyimbo za watu zina wenyewe. Kwa sheria ya Tanzania, na Kenya vilevile, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na warithi wa watunzi wetu wengi wa taarabu na dansi hawajaona senti ya yale yanayosikilizwa mitandaoni. Kujiwekea nakala nyumbani ni jambo moja, kuufungulia ulimwengu kazi ya mtu ni jingine. Ukikuta wimbo ambao hauupati popote, watafute kwanza wana wa kikundi au familia zao, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wanaweza kukuelekeza. Ukikuta kipindi cha redio, waandikie TBC, uwaambie tarehe na kilichomo.

Na kanda za harusi zisikilize kwanza wewe mwenyewe au na kina mama wenzio, milango ikiwa imefungwa. Nyingi zilirekodiwa upande wa wanawake. Zina nyimbo za unyago, zina mafumbo ya mume na mke, zina wanawake waliocheka na kuimba wakijua hakuna mwanamume anayesikia. Kuwahi kurekodiwa hakumaanishi waliruhusu kusikilizwa na kila mtu. Hizo zihifadhi, ziandike majina, wape warithi wao nakala wakizitaka, lakini zisipande mtandaoni hata kama kila aliyemo ameshafariki. Hata nakala ya Muscat zisiwemo. Zikae kwako na kwa dada au binti mmoja unayemwamini.

Zile zenye ukungu usizifungue peke yako. Zikusanye, uniandikie ni ngapi na kasha lake limefungwa kwa skrubu au limegandishwa, kwa sababu zenye skrubu tunaweza kuutoa utepe na kuuweka kwenye kasha safi, na zilizogandishwa zinataka mkono tofauti.